Mhashamu Askofu Hirth na Vita vya Maneno Vilivyotangulia Kanisa la Bukoba

Jina la Mhashamu Askofu Yohane Yosefu Hirth linatajwa kila tunapoadhimisha jubilei ya misioni zetu za kwanza. Tunalitaja Kashozi, kaskazini mwa mji wa Bukoba, ambako mbegu ya imani ilipandwa mwishoni mwa mwaka 1892. Tunalitaja tena Rubya, katika Wilaya ya Muleba, ambako seminari imelea mapadre tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Ni nadra hata hivyo kusikia namna alivyofika kwetu. Alifika akiwa mkimbizi wa vita, misioni yake imeteketea na waamini wake wametawanyika. Miezi michache baadaye jina lake lilikuwa likibishaniwa katika magazeti ya Ulaya. Kwa wengine alikuwa shahidi wa dhuluma, na kwa wengine mchochezi wa umwagaji damu.

Katika makala hii tunayapitia maisha yake tukikaa zaidi kwenye miaka hiyo ya misukosuko. Tunafanya hivyo kwa sababu Kanisa letu la Bukoba lilizaliwa humo, na kwa sababu habari za uongo wakati wa vita ni jaraha ambalo mkoa wetu wa Kagera umeliona zaidi ya mara moja.

Kutoka Alsace hadi Nyanza

Yohane Yosefu Hirth alizaliwa tarehe 26 Machi 1854 katika kijiji cha Spechbach, nchi ya Alsace, mashariki mwa Ufaransa. Alipokuwa na umri wa miaka 17, Ufaransa ilishindwa vitani na Alsace ikawa chini ya Ujerumani. Hivyo kijana huyu alikua akizijua lugha mbili, na akajua mapema kwamba mtu anaweza kubadilishiwa taifa bila kuhama nyumba ya wazazi wake.

Alijiunga na Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu wetu waliwaita Mapadre Weupe, lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algiers mwaka 1868. Alipadirishwa mwaka 1878. Kwa miaka kadhaa alifundisha katika seminari ya Mtakatifu Anna, Yerusalemu, na kazi hiyo ya ualimu haikumtoka moyoni. Mwaka 1887 alitumwa Afrika Mashariki, akafanya utume Bukumbi, kusini mwa Ziwa Nyanza, karibu na Mwanza ya leo. Mwishoni mwa mwaka 1889 aliteuliwa kuwa Vikari wa Kitume wa Nyanza, na tarehe 25 Mei 1890 akawekwa wakfu kuwa askofu huko huko Bukumbi na Mhashamu Livinhac, aliyemtangulia. Alikuwa na umri wa miaka 36. Eneo lake lilikumbatia nchi zilizolizunguka ziwa, na moyo wa eneo hilo ulikuwa Buganda.

Majina mawili yaliyowagawa watu

Askofu Hirth alikuta Buganda yenye imani motomoto na majeraha mabichi. Damu ya Mashahidi wa Uganda ilikuwa imemwagika kati ya mwaka 1885 na 1887, Wakatoliki na Waanglikana wakifa pamoja kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mwaka 1888 Mwanga aliangushwa, Wakristo wakafukuzwa, kisha wakarudi kwa silaha na kumrudisha mfalme yule yule aliyewaua ndugu zao.

Baada ya ushindi huo, vyeo vya nchi viligawanywa kati ya pande mbili za Wakristo. Ilikubaliwa kwamba chifu atakayebadili dini apoteze cheo chake. Mapatano hayo yalikusudiwa kuleta amani, lakini yalilifanya kila tendo la sala kuwa jambo la siasa. Mkatekumeni alipohama kutoka kundi moja kwenda jingine, watu waliuliza ni shamba gani na bunduki ngapi zitakazohama pamoja naye.

Hapo ndipo majina yalipoanza kufanya kazi mbaya. Wakatoliki waliitwa Wafaransa, kwa sababu mapadre wao wengi walitoka Ufaransa. Waanglikana waliitwa Waingereza. Waganda waliozaliwa kijiji kimoja na kula ndizi za mgomba mmoja wakawa Wafaransa na Waingereza bila kuiona Ulaya hata siku moja. Jina la namna hiyo hubeba hukumu tayari. Anayeitwa Mfaransa amekwisha kushukiwa kwamba anamtumikia mfalme wa mbali, na lolote litakalosemwa juu yake litaaminika upesi.

Mnamo Desemba 1890 Kapteni Frederick Lugard alifika Kampala kwa niaba ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, na mkataba ukatiwa sahihi kabla mwaka haujaisha. Bendera ya Kampuni ilipopandishwa, wengi waliiona kuwa bendera ya Waanglikana. Aliyeikubali alihesabiwa kuwa amehama dini, na aliyeikataa alihesabiwa kuwa adui. Mwishoni mwa mwaka 1891 zikaja amri kwamba Kampuni iondoke Uganda kwa kukosa fedha, na hofu ikaongezeka pande zote.

Dominika ya tarehe 24 Januari 1892

Cheche iliyowasha moto ilikuwa ndogo. Ugomvi wa bunduki ulimfanya Mkatoliki mmoja amuue Mwanglikana mmoja. Kabaka Mwanga alisikiliza shauri na kumwachilia mshtakiwa, akiona kwamba alijitetea. Waanglikana waliona haki imepindishwa. Lugard alidai adhabu, Mwanga akakataa. Kapteni akagawa mamia ya bunduki kwa upande wa Waanglikana, na kitendo hicho Wakatoliki walikisoma kuwa ni tangazo la vita.

Dominika ya tarehe 24 Januari 1892 mapigano yalizuka Mengo. Kampuni ilikuwa na bunduki ya Maxim, bombomu la siku zile. Upande wa Wakatoliki ulishindwa, na misioni ya Rubaga ikachomwa moto. Askofu Hirth na mapadre wake walichukuliwa hadi ngome ya Kampala, na Kabaka akakimbilia kisiwa cha Bulingugwe pamoja na maelfu ya wafuasi.

Baada ya siku chache Askofu alivuka kwenda kisiwani kwa Kabaka. Lugard alimtaka mfalme arudi, na mfalme hakurudi. Tarehe 30 Januari kisiwa kilishambuliwa. Watu waliikimbilia mitumbwi, wakiwemo wanawake na watoto, na wengi walikufa kwa risasi au kwa kuzama majini. Askofu Hirth alinusurika pamoja na Kabaka. Walipita visiwa vya Sese, wakaelekea kusini hadi upande wetu, ambao kwa mapatano ya mwaka 1890 ulikuwa chini ya Wajerumani. Bukoba ilikuwa na kituo cha Kijerumani kilichoanzishwa na Emin Pasha mwishoni mwa mwaka 1890. Mchungaji aliyekuwa na kanisa kubwa Rubaga alifika kwenye fukwe zetu hana kitu.

Barua zilizovuka bahari

Vita vya bunduki vilipotulia, vita vya maneno vilianza. Tukumbuke jinsi habari zilivyosafiri wakati huo. Barua kutoka Nyanza ilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi pwani, safari ya miezi. Zanzibar ilikuwa na simu ya waya tangu mwaka 1879, na kutoka hapo maneno machache yalifika London na Paris haraka. Hivyo habari ilitembea polepole pale ambapo ingeweza kuchunguzwa, na ikapiga mbio pale ambapo hakuna aliyeweza kuichunguza.

Askofu Hirth aliandika kutoka Bukoba. Aliandika akiwa na maumivu ya mtu aliyeona waamini wake wakizama. Alieleza mauaji, uporaji na utumwa wa waliotekwa, na akamshitaki Lugard kwamba alipanga kulivunja kundi la Wakatoliki. Barua hizo zilichapishwa Ufaransa, na serikali ya Ufaransa ikalalamika London. Wakatoliki wa Uingereza nao walitoa maandiko ya kuwatetea ndugu zao.

Lugard naye aliandika. Katika maelezo yake, mapadre ndio waliomtia Kabaka ukaidi, na Askofu alikuwa na lawama kwa kuwa mfalme hakurudi kutoka Bulingugwe. Upande wa wamisionari ulilikana shitaka hilo. Idadi ya waliokufa kisiwani ilikuwa ndogo katika maelezo ya Kampuni na kubwa katika maelezo ya mapadre. Hakuna aliyewahesabu waliobaki chini ya maji.

Zaidi ya heshima ya watu wawili, lilikuwa linaamuliwa suala la nani atawale. Kampuni ilitaka kuondoka, na serikali ya Uingereza ilikuwa haijaamua kuichukua Uganda. Lugard alirudi London mwezi Oktoba 1892, akazunguka mijini akihutubia mikutano, na mwaka 1893 akatoa kitabu kikubwa cha kujitetea. Maoni ya watu wa Uingereza yaligeuka, na mwaka 1894 Uganda ikafanywa nchi lindwa ya Uingereza. Habari za Mengo zikawa hoja mikononi mwa wenye shauri lao, na Waganda waliokufa wakawa ushahidi wa kesi ambayo wenyewe hawakuulizwa neno.

Serikali ya Uingereza ilimwagiza Kapteni Macdonald kuchunguza mambo yalivyokuwa. Taarifa yake ilimkosoa Lugard, nayo haikuchapishwa. Mwaka 1898 serikali hiyo iliwalipa Wamisionari wa Afrika pauni 10,000 kuwa fidia ya hasara zao. Fedha zilijibu madai ya majengo. Ukweli wote haukusomwa hadharani.

Tunapoyatazama hayo leo, hatuna budi kusema jambo moja kwa unyofu. Askofu Hirth alidhulumiwa kweli, na kilio chake kilikuwa cha haki. Hata hivyo, barua zake hazikuwa za shahidi asiye na upande. Ziliwaona Waanglikana kama kundi moja la maadui, ilhali miongoni mwao walikuwemo watu ambao ndugu zao waliungua pamoja na Wakatoliki pale Namugongo miaka sita tu kabla. Mtu aliyeumizwa ana haki ya kusema alichokiona. Anapokwenda mbele na kusema asichokiona, maumivu yake hayamfanyi kuwa mkweli zaidi. Kumheshimu mwanzilishi wa misioni zetu hakutuzuii kuliona hilo.

Kiti kimoja, kisha Kashozi

Mnamo Aprili 1893 mjumbe wa serikali ya Uingereza, Sir Gerald Portal, aliwakutanisha maaskofu wawili, Hirth wa Wakatoliki na Alfred Tucker wa Waanglikana. Mwaka uliotangulia mapatano yalikuwa yamewaachia Wakatoliki nchi ya Buddu tu. Sasa waliongezewa maeneo na nafasi katika utawala. Maaskofu hao hawakuwa marafiki, lakini walikaa mahali pamoja wakasikia hoja za mwenzao kwa masikio yao wenyewe, bila gazeti katikati.

Roma nayo ilitafuta dawa. Mwaka 1894 Baba Mtakatifu Leo XIII aliigawa Vikarieti ya Nyanza. Sehemu ya mashariki, Nile ya Juu, walipewa wamisionari wa Mill Hill kutoka Uingereza. Waganda walipowaona mapadre Waingereza wakiadhimisha Misa ile ile, hoja kwamba Mkatoliki ni Mfaransa ilianguka yenyewe. Uwongo uliojengwa juu ya jina ulijibiwa kwa kuonesha watu. Askofu Hirth alipewa Nyanza ya Kusini, ambayo ndani yake ilikuwamo nchi ya Wahaya.

Kashozi ilikuwa imekwisha kuanza. Ilianzishwa mwishoni mwa mwaka 1892, mwaka ule ule wa maafa, na miongoni mwa waamini wake wa kwanza walikuwamo wakimbizi Wakatoliki kutoka Buganda. Tunaweza kusema bila kutia chumvi kwamba Kanisa la Bukoba lilijengwa na watu waliokimbia vita vilivyochochewa na majina na uvumi.

Wamisionari hao walikuwa na kanuni mbili kutoka kwa Kardinali Lavigerie zinazofaa kukumbukwa hapa. Ya kwanza ni kujifunza lugha ya wenyeji mapema na kuitumia. Ya pili ni kila misioni kuandika shajara ya kila siku: nani amefika, nani amebatizwa, mvua, ugonjwa, ugomvi, maziko. Shajara haiandikwi ili kumshinda mtu. Wanahistoria wanaochunguza miaka ile huzirudia kurasa hizo pembeni mwa barua za magazetini, kwa kuwa neno lililoandikwa jioni ya siku yenyewe, bila msomaji wa kushawishiwa, hupimika vizuri zaidi.

Mwalimu wa Rubya

Miaka iliyofuata ilionesha tabia halisi ya Askofu huyu. Aliirudia kazi yake ya Yerusalemu, kufundisha. Mwaka 1904 seminari ilikuwa Rubya, katika Ihangiro, na vijana wa Kihaya walisoma pamoja na wenzao waliotoka mbali, wakiwemo wa Rwanda. Nchi ya Rwanda yenyewe alikuwa amekwisha kuiingia mwaka 1900, alipofika ikulu ya Nyanza mwezi Februari na kuanzisha misioni ya Save.

Mwaka 1912 Vikarieti ya Kivu ilipoundwa, Askofu Hirth alihamia Rwanda, na Nyanza ya Kusini ikachungwa na Mhashamu Yosefu Sweens. Vita Kuu ya Kwanza iliwakuta wote wawili katika nchi zilizogombewa. Mwezi Juni 1915 Waingereza waliishambulia Bukoba kutoka ziwani, na shabaha yao mojawapo ilikuwa mnara wa simu ya upepo ambao Wajerumani waliutumia kupashana habari. Mapema hivyo mji wetu ulionja jinsi njia ya habari inavyokuwa windo la vita.

Katikati ya vita hivyo, mwaka 1917, mapadre wa kwanza wazalendo wa nchi yetu waliolelewa Rubya walipewa daraja takatifu. Mwaka huo huo, huko Kabgayi, Askofu Hirth aliwapadirisha Wanyarwanda wa kwanza, nao pia walikuwa matunda ya Rubya. Seminari hiyo baadaye ilimlea Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Muleba, aliyefanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza katika nyakati zetu kupewa cheo hicho.

Askofu Hirth alijiuzulu mwaka 1921, akabaki Kabgayi, na hapo akafariki tarehe 6 Januari 1931, sikukuu ya Tokeo la Bwana, akiwa na umri wa miaka 76.

Yanayotuhusu sisi

Vita vya maneno havikuisha pamoja naye. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera, Kampala ilitangaza kwamba Tanzania ndiyo iliyoanza, na mwanzoni mwa Novemba ikatangaza kwamba ardhi ya kaskazini mwa Mto Kagera imekuwa ya Uganda. Mwaka 1994 redio ya RTLM ya Kigali iliwaita watu mende, na watu waliobatizwa wakawaua majirani waliobatizwa. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili mwaka huo wakimbizi wapatao 250,000 walivuka Rusumo na kuingia Ngara. Nchi zile zile alizotembea Askofu Hirth zilipokea tena mavuno ya majina ya chuki, na mkoa wetu ukawa tena mahali pa kukimbilia.

Mama Kanisa amempa Mtakatifu Fransisko wa Sales kuwa msimamizi wa waandishi wa habari. Kumbukumbu yake huadhimishwa siku hizi tarehe 24 Januari, tarehe ile ile ya mapigano ya Mengo. Papa Fransisko aliichagua siku hiyo mwaka 2018 kutoa ujumbe wake kuhusu habari za uongo na uandishi wa amani. Sisi wa Bukoba tuna sababu ya pekee ya kuiadhimisha siku hiyo.

Leo habari haihitaji mpagazi. Inafika kwenye simu ya mkononi kabla ya sala ya asubuhi, na kidole kimoja kinaisambaza kwa jumuiya ndogo ndogo nzima. Kila linapoanza fujo mpakani au uchaguzi unapochemka, sisi pia hupokea picha za maiti zisizo na tarehe na jina la kundi linalolaumiwa. Amri ya nane inatuhusu hata hapo. Inatutaka tuulize kabla ya kusambaza: aliyeandika aliona, au aliambiwa? Waliotajwa wana majina yao, au wameitwa kwa jina la kundi? Na swali lililo gumu kuliko yote: tungeiamini habari hii kama ingewashutumu watu wetu?

Anayeungama kwamba amesema uongo juu ya jirani anadaiwa pia kurekebisha alichokiharibu. Aliyesambaza uzushi katika kundi la simu ana wajibu wa kurudi katika kundi lile lile na kuusahihisha, hata kama uzushi huo uliufurahisha upande wake.

Tumwombee Mhashamu Yohane Yosefu Hirth, na tuwaombee wote waliozama Bulingugwe, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, ambao idadi yao Mungu peke yake anaijua. Mwenyezi Mungu awajalie pumziko la milele, na sisi atujalie ulimi ulio mkweli hata tunapoumia.